Aliyeukana uraia wa kwanza asipekuliwe kama mwenye uraia pacha

KATIKA kila ofisi kubwa ya Serikali kuna masjala mbili. Kuna masjala ya wazi, ambako mhudumu huingia na kutoka na majalada kwapani, na kuna masjala ya siri, ambayo mlango wake haufunguliwi ila na mtu aliyepekuliwa na kula kiapo cha kutunza siri. Watumishi wa umma hawana haja ya kuelezwa tofauti iliyopo. Wenye haja ni vijana wanaoanza kazi, ambao aghalabu hudhani kwamba upekuzi ni adhabu, au ni hila ya wakubwa ya kumnyima mtu cheo. Upekuzi si adhabu. Ni haki ya Taifa kumjua mtu kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Makala haya yanahusu swali moja tu katika upekuzi huo, yaani swali la uraia. Nimeamua kulizungumza kutoka Mpanda kwa kuwa ni mikoa michache nchini ambako swali hilo huulizwa mara nyingi na kwa uzito kama linavyoulizwa Katavi.

Nilipokuwa Mpanda nilikaribishwa chai na mwalimu mmoja kijana wa Katumba. Alizaliwa huko huko, akasoma huko, akaenda chuo, akarudi kufundisha. Siku moja mkuu wake alimpendekeza asaidie kazi za kamati ya mitihani, na kila mwalimu anajua kwamba karatasi ya mtihani wa Taifa, kabla haijafunguliwa, ni siri kama siri nyingine za nchi. Akaletewa fomu. Mahali palipoulizwa kama ana uraia wa nchi nyingine, aliandika “Hapana.” Afisa aliyeipokea fomu akamtazama, akamwambia, “Mwalimu, hapa andika ndiyo. Ninyi wa Katumba si Warundi?” Kijana akajibu kwa adabu kwamba yeye ni Mtanzania, kwamba uraia wa Burundi waliukana pamoja na wazazi wake, na cheti anacho. Afisa hakubishana naye. Alichukua fomu, akaiweka kwenye mtoto wa meza, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia kijana kwamba amekubaliwa wala kwamba amekataliwa.

Sikushangazwa sana na afisa huyo. Kilichonishtua ni ushauri ambao mwalimu alipewa baadaye na mwenzake, mtu mzima na mtumishi wa siku nyingi. Alimwambia, “Mdogo wangu, safari nyingine andika baba yako ni wa Inyonga. Nani atakwenda kuchimba?”

Hapo ndipo penye hatari, nami nitarudi hapo. Kwanza hatuna budi kuiweka Sheria mezani.

Sheria ya Uraia, Namba 6 ya mwaka 1995, haiachi nafasi ya kusitasita. Isipokuwa kwa mambo machache ambayo yenyewe imeyataja, mtu mzima hawezi kuwa raia wa Tanzania na papo hapo akawa raia wa nchi nyingine. Mtanzania aliyetimiza miaka 18 akachukua uraia wa nje kwa hiari yake anaupoteza ule wa Tanzania. Mtoto aliyezaliwa akiwa na haki ya uraia wa nchi mbili hupaswa kuchagua anapokuwa mtu mzima. Na mgeni anayeomba uraia wa tajnisi hana budi kuukana uraia wake wa zamani na kula kiapo cha utii, baada ya kuonyesha kwamba amekaa nchini kwa muda uliowekwa, kwamba anajua Kiswahili au Kiingereza, na kwamba ni mtu wa tabia njema. Msingi huo wa uraia mmoja tumekuwa nao tangu Uhuru. Mwaka 1961 watu wengi wenye asili ya Asia na Ulaya walitakiwa kuchagua kati ya pasi ya Mwingereza na uraia wa Tanganyika. Waliochagua Tanganyika walichagua Tanganyika tupu.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba msingi huo ni mzuri, hasa kwa watu wanaoshika siri za nchi. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo wasomi wenzangu wanaouona umepitwa na wakati. Wanasema dunia imekuwa kijiji. Yamkini imekuwa, lakini kijiji nacho kina mipaka ya mashamba. Mtu mwenye uraia wa nchi mbili ana dola mbili zinazomdai utii. Dola ya pili inaweza kumwita jeshini, inaweza kumshitaki kwa sheria zake, na akikamatwa huko hatuwezi kumtetea kama tunavyomtetea raia wetu mwingine. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 ulikwisha kusema kwamba nchi haiwezi kumkingia kifua raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Mtu huyo anaweza kuwa mwaminifu kuliko sisi sote. Lakini kamba iliyofungwa mguuni mwake inashikwa na mkono ambao si wetu, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayesoma majalada ya ulinzi.

Jirani zetu waliofungua mlango wa uraia pacha nao hawakuufungua wazi kabisa. Kenya iliuruhusu kwa Katiba ya mwaka 2010, lakini Ibara ya 78 ya Katiba hiyo hiyo inamkataza afisa wa dola na askari wa majeshi ya ulinzi kuwa na uraia wa nchi mbili. Wamewatoa majaji na wajumbe wa tume, na wamemtoa pia mtu aliyefanywa raia wa nchi nyingine na sheria za nchi hiyo, bila yeye kuwa na njia ya kujitoa. Hata hivyo hawakukwepa ugomvi. Mwaka 2019 Mwende Mwinzi aliteuliwa kuwa balozi wa Kenya huko Korea ya Kusini, na Bunge likamtaka kwanza auache uraia wa Marekani, alikozaliwa. Mahakama Kuu mjini Nairobi ikaamua kwamba balozi si afisa wa dola kwa maana ya Ibara ile, na kwa hiyo sharti hilo halikuwa halali juu yake. Uganda nao, baada ya kuruhusu uraia wa nchi mbili kwa sheria ya mwaka 2009, waliorodhesha vyeo ambavyo mwenye uraia huo hawezi kuvishika: Rais, mawaziri, wakuu wa majeshi na polisi, wakuu wa vyombo vya usalama. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo imeandika katika Katiba yake ya mwaka 2006 kwamba uraia wake ni mmoja na haushirikiani na mwingine wowote. Msomaji ataona kwamba hatuko peke yetu, wala hatuko nyuma.

Yote hayo ni juu ya mtu mwenye uraia wa nchi mbili. Kosa linalotendeka katika baadhi ya ofisi ni kuitwaa hoja hiyo nzuri na kumtwisha mtu ambaye uraia wake ni mmoja. Tuangalie jinsi mtu wa namna hiyo alivyopatikana Katavi.

Kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, wilaya ya Mpanda ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa, na ilijulikana kwa mambo matatu: madini ya risasi, ambayo kwa ajili yake Waingereza walijenga reli kutoka Kaliua; misitu ya miombo yenye nyuki; na upungufu wa watu. Katikati ya miaka ya 1960 Wanyarwanda waliokimbia machafuko walipewa ardhi Mwese, kwenye milima iliyo upande wa ziwa. Kisha likatokea janga la Burundi la mwaka 1972, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuja kwetu. Wakapelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba, kando ya reli ile ile ya risasi. Na mwaka 1978 yakafunguliwa makazi ya Mishamo, mbali msituni, upande wa njia ya Uvinza. Waliopokelewa walipewa shoka na mbegu, wakakata miti. Baada ya miaka michache posho ya chakula haikuhitajika tena. Mahindi, maharage, mihogo na tumbaku vya Katumba vilianza kulisha masoko ya wengine. Wakubwa wa Mpanda wanaozikumbuka siku hizo hawana haja ya gazeti kuwasimulia.

Mwaka 1980 Serikali ya Awamu ya Kwanza iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Miaka mitatu baadaye Mwalimu Nyerere akatunukiwa nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa humpa mtu aliyewatumikia wakimbizi. Warundi wao walisubiri zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2007 wakimbizi wa 1972, ambao walikwisha kuzaa na kufikia zaidi ya laki mbili, waliulizwa swali moja: kurudi Burundi, au kuwa Watanzania? Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi, na akasaidiwa kurudi. Waliobaki wakaomba uraia, na mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikuwa yamekubaliwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa na Burundi hawakupata hata kuiona, ila kwa utaratibu uliofuatwa walihesabiwa wakimbizi kama wazazi wao.

Halafu ikafuata miaka minne ya mashaka. Vyeti vilizuiliwa, kwa kuwa ilikuwa imepangwa kwamba raia hao wapya watawanywe katika mikoa mingine, na mpango huo haukutekelezeka. Wakati wote huo walikuwa watu waliokwisha kuuaga uraia wa Burundi, na cheti cha Tanzania hawajakishika. Ni Oktoba 2014 ndipo Rais Kikwete alipoanza kuvitoa. Tukumbuke jambo hili kila tunapomtazama mtu wa Katumba kwa jicho la mashaka: kwa miaka kadhaa alikuwa ameachia tawi moja bila kushika jingine, na hakurudi nyuma. Sijui mtihani gani wa utii ambao ni mgumu kuliko huo.

Lakini nisiandike kama wakili. Dola ina sababu ya kuuliza. Chama cha Palipehutu, ambacho baadaye kilikuwa na jeshi la msituni huko Burundi, kilianzishwa mwaka 1980 ndani ya makazi ya Mishamo. Walikuwapo katika makazi hayo watu ambao miili yao ilikuwa Mpanda na macho yao Bujumbura, na kusema kweli ni nani angewalaumu, baada ya yaliyowapata? Afisa wa usalama anayeijua historia hiyo akauliza maswali mawili matatu zaidi kuliko anavyomuuliza mtu wa Same, anafanya kazi yake. Kosa linaanza pale asiposikiliza jibu.

Kwa maana jibu limekwisha kutolewa, tena kwa maandishi. Wale ambao mioyo yao ilibaki Burundi walipewa njia ya kurudi na nauli juu yake. Waliobaki waliukana uraia ule mbele ya afisa wa Serikali, wakapekuliwa, wakaapa. Kumwambia mtu huyo leo “andika ndiyo, wewe una uraia wa pili” ni kumtaka aseme uongo katika fomu ya Serikali. Na tena ni kuidharau Sheria yetu wenyewe. Maana kama kuukana uraia hakuufuti, basi sharti la kuukana lina kazi gani?

Chukueni mfano wa nyumba moja ya Katumba. Kaka alizaliwa mwaka 2005 na akapata uraia kwa jina lake kuingizwa pamoja na la wazazi wake. Dada alizaliwa mwaka 2016, wazazi wakiwa na vyeti, kwa hiyo yeye ni raia wa kuzaliwa. Wanakula sahani moja. Wana bibi mmoja, aliyevuka mto Malagarasi akiwa binti. Kaka hawezi kugombea Urais, kwa kuwa Katiba, Ibara ya 39, inadai raia wa kuzaliwa. Na matangazo ya kazi za vyombo vya ulinzi mara nyingi yamedai hivyo hivyo. Sina ugomvi na mipaka hiyo. Imeandikwa, inajulikana, na kijana anayeifahamu hapotezi nauli. Ninagombana na mpaka ambao haukuandikwa popote, ule unaochorwa na afisa mmoja kwa kalamu ya risasi na kufutwa na mwingine.

Ualimu, uganga, ukarani, uafisa mtendaji, kazi za kamati ya mitihani: kwa hizi Serikali hudai raia wa Tanzania, wala haisemi raia wa namna gani. Maadamu haikusema, mtumishi wa chini hana ruhusa ya kuisemea.

Suala hili si geni kwa Chama chetu. Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili muswada wa uraia, walikuwapo waheshimiwa, na wengi wao walikuwa wazalendo wa kweli, waliotaka uraia ufuate rangi ya mtu. Mwalimu alisimama akapinga kwa ukali, na akaweka wazi kwamba Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kulikubali jambo hilo. Januari 1964 alikwenda mbele zaidi akatoa waraka wa kukomesha ubaguzi kati ya raia wenye asili ya Afrika na wasio nayo katika ajira za Serikali. Wiki mbili hazijatimia, askari wakaasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Walioasi walikuwa wana wa nchi, waliozaliwa hapa na baba zao na babu zao. Wakati huo Amir Jamal, Mtanganyika mwenye asili ya India, alikuwa waziri, na kwa miaka mingi baadaye alikabidhiwa Hazina ya Taifa. Sitaki kuyafanya hayo kuwa kanuni ya hesabu, lakini yanatosha kuonyesha kwamba asili ya mtu haimwambii mpekuzi mambo mengi.

Wala si kwetu tu. Kim Philby, aliyewauzia Warusi siri za Uingereza kwa miaka mingi kabla ya kutorokea Moscow mwaka 1963, alikuwa Mwingereza aliyelelewa katika shule zao bora. Aldrich Ames, aliyekamatwa mwaka 1994 kwa kuuza siri za Marekani, alikuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Kilichomponza ni fedha. Lau wapekuzi wake wangetazama matumizi yake mapema, nyumba aliyoinunua kwa fedha taslimu na gari ambalo mshahara wake usingeweza kulinunua, wangemnasa mapema.

Marekani wenyewe nadhani walijifunza kitu. Nchi hiyo inaruhusu raia wake wawe na uraia wa pili, na kwa miaka mingi mwenye uraia huo aliyetaka kushika siri za Serikali aliweza kutakiwa aisalimishe pasi ya kigeni. Mwongozo wao unaotumika tangu Juni 2017 unasema kwamba kuwa na uraia wa nchi nyingine, peke yake, si sababu ya kumnyima mtu. Kinachopimwa ni mwenendo: je, kuna tendo linaloonyesha kwamba ameiweka nchi ile mbele ya hii? Na je, amejaribu kuficha? Simwambii mtu yeyote tuige ruhusa yao ya uraia pacha. Nimekwisha kueleza msimamo wangu. Ninachotaka msomaji akione ni hilo swali la pili. Katika upekuzi wa nchi yenye siri nyingi kuliko zetu, kosa linalozidi kosa la kuwa na jamaa wa kigeni ni kosa la kuwaficha.

Sasa nirudi kwa yule mshauri wa Mpanda na baba yake wa Inyonga.

Kijana akimsikiliza mshauri huyo, atapita. Jina lake si geni katika wilaya, Kiswahili chake ni cha Mpanda, na fomu itaonekana safi. Ataingia masjala ya siri akiwa na uongo mmoja mfukoni. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote anayeujua uongo huo, awe jirani mwenye wivu, mfanyabiashara anayetafuta zabuni, au wakala wa nchi ya nje, ameshika kamba ile ile tuliyosema tunaiogopa kwa mwenye uraia pacha. Anaweza kuivuta wakati wowote: nipe jalada, au nitasema baba yako alizaliwa wapi. Yaani kwa kumwogopa mtu mwaminifu aliyesema kweli, tumetengeneza mtu dhaifu aliyesema uongo, na tukamkabidhi ufunguo. Adui wa nchi hii hawezi kutuombea jambo zuri kuliko hilo.

Na uongo wa namna hiyo haukai umefichika milele. Mwaka 2001 nchi ilitikisika Serikali ilipotangaza kwamba mwandishi Jenerali Ulimwengu si raia, ilhali alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Baadaye aliomba uraia akapewa. Simtaji kwa sababu alidanganya. Hakuna aliyeonyesha hivyo, na yeye alijihesabu Mtanzania siku zote. Namtaja kwa sababu swali la uraia wake liliulizwa mwisho, baada ya utumishi wa miaka mingi, mahali pa kuulizwa mwanzo. Mtumishi akishawahi kuaminiwa na dola kwa miaka ishirini, kisha akaambiwa hakupaswa kuaminiwa, ni vigumu kusema nani ameaibika zaidi, yeye au walioidhinisha jina lake.

Kuna jambo jingine ambalo limenisumbua nikiwa naandika. Mwaka 2024 Serikali ilieleza nia yake ya kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, ili waweze kuja, kuwekeza na kuwa karibu na ndugu zao bila ya kuvunja msingi wa uraia mmoja. Ni uamuzi wa busara, nami nauunga mkono. Lakini tazameni tunavyotumia neno “asili.” Mtanzania aliyeapa utii kwa Kanada au Marekani tunamwita mwenzetu mwenye asili yetu, na tunamwandalia mlango. Aliyeukana uraia wa Burundi akaapa utii kwetu tunamwambia asili yake bado inamfuata. Hatuwezi kuwa na mizani miwili, mmoja wa Toronto na mwingine wa Mishamo.

Nini kifanyike? Kwanza swali lenyewe liulizwe sawasawa. Fomu isimuulize mtu kama “ana asili” ya nchi nyingine, kana kwamba kuna anayejua asili inakoishia. Imuulize: je, leo una uraia, pasi au kitambulisho cha nchi nyingine? Je, uliwahi kuwa na uraia mwingine, na uliukana lini? Je, una jamaa wa karibu wanaofanya kazi katika serikali au jeshi la nchi nyingine? Maswali hayo ni makali kuliko yale ya kukisia, na mwaminifu anaweza kuyajibu bila woga. Cheti cha tajnisi kiwe jibu kamili la swali la pili, na afisa akikitilia mashaka akiulize Uhamiaji, walio na kumbukumbu, badala ya kumuuliza jirani. Upekuzi wenyewe uendelee kama kawaida, na umguse raia wa tajnisi na raia wa kuzaliwa kwa uzito ule ule, madeni yake, ulevi wake, marafiki zake, ukweli wa maneno yake.

Kisha mtu apewe jibu. Ninafahamu kwamba sababu za kukataliwa haziwezi kuelezwa zote. Siri nyingine ni za kweli. Lakini “hapana” inaweza kusemwa kwa barua ya mistari miwili. Fomu inayolala kwenye mtoto wa meza kwa miaka haimlindi mtu yeyote. Inampa afisa mmoja mamlaka ambayo Sheria haikumpa, na inamfundisha kijana kwamba serikali yake haina neno.

Kwa upande wa raia wapya nao nitasema wazi, maana si haki kuwakemea maafisa peke yao. Yeyote kati yenu anayetunza kitambulisho cha nchi ya pili sandukuni, “kwa ajili ya siku mbaya,” au aliyekwenda upande wa pili akajiandikisha huko kisha akarudi na cheti chake cha Tanzania, huyo ndiye mwenye uraia pacha hasa, na Sheria inamhusu. Sheria hiyo hiyo inaruhusu uraia wa tajnisi kuondolewa kwa aliyeupata kwa udanganyifu au aliyeonyesha kutokuwa mtiifu. Mtu mmoja wa namna hiyo anawaharibia maelfu. Watu wa Katumba na Mishamo wanajuana nyumba kwa nyumba kuliko afisa yeyote wa Serikali anavyoweza kuwajua, na wakati mwingine ukimya wao ndio unaozaa mashaka wanayoyalalamikia.

Yule mwalimu hajaandika habari ya Inyonga. Nilimuuliza kwa nini, akacheka kidogo, akasema baba yake bado yu hai, na hajui angemtazamaje usoni. Mkuu wake amempendekeza tena mwaka huu, na fomu mpya imekwisha kujazwa: “Hapana,” na chini yake, kwa mwandiko wa kiwalimu, namba ya cheti na tarehe. Alipoipeleka, afisa alikuwa mwingine. Alisoma, akageuza karatasi, akaomba kukiona cheti chenyewe. Kijana alikuwa amekiacha Katumba, ndani ya sanduku la mama yake, kwa hofu ya mvua. Ameambiwa akilete Jumatatu.